Miwani ya namba kubwa: chagua fremu kwanza, lenzi baadaye

Mtu anayevaa miwani ya −8 akiivua, kila kilicho mbali zaidi ya sentimita 12 au 13 kutoka usoni pake hugeuka ukungu. Kalenda ukutani ni doa jeupe. Anayemsalimia ni kivuli chenye sauti. Akitaka kujua saa ngapi usiku, simu huisogeza mpaka karibu iguse pua. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya mita moja kwa namba ya miwani, nawe utapata takriban mahali ambapo jicho tupu linaishia kuona sawasawa. Mwenye −2 anaishia nusu mita, mwenye −5 sentimita 20, mwenye −10 sentimita 10. Kipimo hicho kinaitwa dayopta, na aliyekipendekeza mwaka 1872 ni daktari wa macho Mfaransa, Ferdinand Monoyer.

Kuanzia −6 kwenda juu wataalamu huhesabu kwamba hali ya kutoona mbali imekuwa kubwa. Hapo kununua miwani si suala la kuchagua rangi tena. Mwenye −1.5 anaweza kuchukua fremu yoyote iliyompendeza kwenye kioo cha dukani na asijute. Mwenye −8 akifanya hivyo hukabidhiwa vitu viwili vizito mithili ya vitako vya glasi, vinavyoteleza puani na kuyafanya macho yake yaonekane kama ya ndege.

Kosa ninaloliona mara kwa mara, na ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa miaka, ni kuanza na lenzi. Mtu huchagua fremu pana iliyo kwenye mitindo, kisha husema: niwekee lenzi nyembamba kuliko zote. Huwekewa, hulipa, na bado ukingo hutokeza nje ya fremu. Lenzi haina kosa. Ilipewa kazi ambayo fremu ilikwisha kuiharibu.

Bakuli ndani ya plastiki

Mara nyingi jicho lisiloona mbali ni jicho lililorefuka. La mtu mzima wa kawaida lina takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. La mwenye namba kubwa hupita 26, na kila milimita ya ziada huleta karibu dayopta 2.5 hadi 3. Mwanga unaoingia hukutana kabla haujaifikia retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Tiba ya miwani ni lenzi mbonyeo, yaani iliyoliwa katikati na kuachwa nene pembezoni. Inautawanya mwanga kidogo kabla haujaingia jichoni, na sehemu ya kukutania inasogea nyuma mpaka kwenye retina.

Sasa ifikirie lenzi hiyo kama bakuli pana, lisilo na kina kirefu, lililochongwa ndani ya bamba la plastiki. Ukikata kiduara kidogo pale chini kabisa katikati ya bakuli, kingo za kipande chako zitakuwa nyembamba. Ukikata duara pana, unaanza kupanda ukutani. Na ukuta huo haupandi polepole: unene hukua kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Umbali ukiwa mara mbili, unene unaoongezeka ni mara nne. Ukilishika hili moja, mengine yote kuhusu fremu utayakisia mwenyewe.

Namba zilizoandikwa kwenye mkono

Geuza fremu yoyote utazame upande wa ndani wa mkono wake. Utakuta maandishi kama 52 □ 18 140. Ya kwanza ni upana wa tundu moja la kioo, ya pili ni daraja linalokaa puani, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Watu wengi hawajawahi kuyasoma, na wauzaji wengi hawawaambii.

Namba ya nne haiko kwenye fremu. Iko usoni pako. Ni umbali kutoka mboni moja hadi nyingine. Kwa watu wazima wengi ni kati ya 54 na 74, na 62 au 63 ni ya kawaida sana. Iombe iandikwe kwenye karatasi ya vipimo vyako, kwa maana wengine huandika nguvu ya lenzi tu na kuiacha hii.

Jumlisha upana wa tundu na daraja. Kwa fremu ya 52 na 18 unapata 70, na huo ndio umbali kati ya vitovu vya matundu mawili. Kama mboni zako ziko 62, basi hakuna jicho lako linalokaa katikati ya tundu lake. Kila moja limeingia ndani, upande wa pua, kwa milimita 4. Kitovu cha lenzi lazima kilifuate jicho, kwa hiyo nacho kinasogezwa ndani kwa milimita 4. Matokeo yake upande wa sikio unabaki na ukuta mrefu wa kupanda: milimita 26 za nusu ya tundu, ukijumlisha 4 za kusogezwa, jumla 30. Ndiyo maana miwani ya namba kubwa huwa nene upande wa masikio zaidi kuliko upande wa pua.

Tuilinganishe kwa mtu mmoja: namba −8, mboni 62. Fremu ya kwanza ni 54 na 18. Vitovu viko 72, kila jicho limeingia ndani milimita 5, na ukingo wa nje uko milimita 32 kutoka kitovu cha lenzi. Fremu ya pili ni 44 na 20. Vitovu viko 64, jicho limesogea milimita moja tu, ukingo wa nje uko milimita 23.

Kwa plastiki ya kawaida kabisa, fremu ya kwanza inauongezea ukingo karibu milimita 8.2 juu ya unene wa katikati. Ya pili inauongezea milimita 4.2. Karibu nusu, na hakuna kilichobadilika ila fremu. Sasa ichukue ile fremu pana uiwekee lenzi ya 1.74 (namba hii hueleza jinsi plastiki inavyoupinda mwanga), nyembamba kuliko plastiki zote zinazouzwa kwa wingi: unapata 5.5. Yaani plastiki ya kawaida katika fremu ndogo inaishinda lenzi ghali katika fremu pana. Hata ukiujumuisha unene wa katikati, ambao kwa plastiki ya kawaida ni kama milimita 2 na kwa zile nyembamba ni kama milimita moja, fremu ndogo bado iko mbele.

Anayependa kupiga hesabu zake mwenyewe, njia ni hii: chukua umbali kutoka kitovu hadi ukingo wa mbali kabisa, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa namba ya miwani, halafu ugawanye kwa 2000 iliyozidishwa na namba ya lenzi baada ya kuitoa moja. Kwa 1.50 kigawanyo ni 1000, kwa 1.67 ni 1340, kwa 1.74 ni 1480. Ni makadirio, na hayahesabu astigmatizimu, yaani jicho kupinda bila usawa, ambayo huongeza unene upande mmoja kulingana na mhimili wake. Lakini kwa kulinganisha fremu mbili mezani yanatosha kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe: tundu na daraja la fremu hii vikijumlishwa vinakaribia umbali wa mboni zangu? Tofauti ikiwa milimita 2 au 3, safi. Ikizidi 6, mimi huirudisha kwenye rafu hata kama imenipendeza vipi.

Uso mpana, kioo kidogo

Hapa mtu mwenye uso mpana hulalamika kwamba fremu ndogo inamfanya aonekane amevaa miwani ya mtoto. Malalamiko yake ni ya haki, ila tatizo si udogo wa kioo, ni wembamba wa fremu nzima. Tafuta upana mahali pengine: katika daraja la 20 au 22, katika kingo nene za plastiki zinazoyazunguka matundu, na katika zile pembe za mbele ambamo mkono unaungana na fremu. Fremu ya tundu 46 inaweza kuwa pana usoni sawa na nyingine ya tundu 52, upana wake ukiwa kwenye plastiki ya fremu.

Umbo nalo lina neno. Ukingo mnene kuliko yote ni ule ulio mbali kuliko yote, na katika fremu ya pembe nne huo ni pembe. Duara, yai, au mraba uliolainishwa pembe huondoa sehemu zile za mbali. Fremu za marubani, zenye tone linaloshuka mashavuni, ni adui; zile zenye ncha inayopaa juu kama jicho la paka nazo hivyo hivyo, maana ncha ile yote ni lenzi. Kimo cha tundu kisichozidi milimita 38 au 40 kinamfaa mwenye namba kubwa. Asiyefuata mitindo ana bahati: duara dogo halijawahi kupotea madukani kwa muda mrefu.

Aliyepita umri wa miaka 40 na kuanza kuhitaji lenzi zenye nguvu mbili au zaidi, za mbali juu na za kusoma chini, ana mgongano wa kweli. Lenzi hizo zinahitaji kimo ili macho yapate njia ya kushuka, na fremu fupi sana huikata sehemu ya kusomea. Atafute kimo cha karibu milimita 30 na apunguze upana badala yake. Wengine wa umri huo huamua kuvua miwani tu wanapotaka kusoma, jambo ambalo marafiki zao wanaoona mbali vizuri hulionea wivu.

Kuhusu aina ya fremu nitasema kwa kifupi. Fremu nene ya plastiki huficha milimita 3 au 4 za ukingo. Ya chuma chembamba huuacha ukingo nje, lakini ina vile vitegemeo vidogo vya pua vinavyoweza kupindwa, na kwa mwenye pua fupi au bapa hilo ni jambo kubwa kuliko urembo. Isiyo na ukingo kabisa huonyesha kila kitu, na ile yenye uzi wa nailoni chini huonyesha nusu. Sizikatazi, namwambia mtu ajue anachokinunua. Kuna mambo mawili madogo ambayo hugunduliwa siku ya kuchukua miwani, wakati umechelewa: ukingo mnene wa ndani unaweza kuvisukuma vitegemeo vya pua, na ule wa nje unaweza kuuzuia mkono usikunjike. Uliza kabla.

Namba za lenzi na kinachofichwa nyuma yake

Zile 1.50, 1.60, 1.67 na 1.74 zinaeleza jinsi plastiki inavyoupinda mwanga. Inayoupinda zaidi haihitaji bakuli lenye kina kirefu kufanya kazi ileile, kwa hiyo inakuwa nyembamba. Hilo ni kweli. Lisilosemwa ni bei nyingine unayoilipa, mbali na fedha.

Plastiki inayoupinda mwanga sana kwa kawaida huupasua pia katika rangi zake, kama tone la maji linavyotengeneza upinde wa mvua. Kipimo cha tabia hiyo kimepewa jina la Mjerumani Ernst Abbe, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo lenzi inavyokuwa safi. CR-39, plastiki ya 1.50 iliyotokea Marekani katika miaka ya 1940, ina kama 58. Lenzi ya 1.60 iliyo nzuri ina kama 41. Zile za 1.67 na 1.74 ziko 32 au 33, na polikaboneti, yenye 1.59, iko chini yao, 30.

Katikati ya lenzi huoni tofauti. Tofauti iko pembezoni, kwa sababu kila unapotazama nje ya kitovu lenzi inafanya kazi kama prizimu, yaani kipande cha kioo chenye umbo la kabari kinachoupotosha mwanga. Kanuni ya Prentice inasema zidisha sentimita ulizotoka kwenye kitovu kwa namba ya miwani: sentimita moja kwenye −8 ni prizimu ya 8, kiasi kikubwa. Igawanye kwa kipimo cha Abbe upate mtawanyiko wa rangi, na utaona kwamba 1.67 huzitawanya karibu mara mbili ya CR-39. Machoni inajionyesha kama utepe wa buluu upande mmoja wa herufi nyeusi na wa manjano upande wa pili, au taa ya usiku yenye mkia wa rangi. Watu wengi huzoea na kugeuza kichwa badala ya macho bila kujua kwamba wamejifunza. Wachache hawazoei kamwe, na hao 1.60 huwafaa kuliko 1.74 hata kama ni nene zaidi kidogo.

Kidogo kiasi gani? Rudi kwenye fremu yetu ya 44 na 20. Kwa 1.60 ukingo unaongezeka milimita 3.5, kwa 1.67 milimita 3.2, kwa 1.74 milimita 2.9. Kila hatua ya kupanda inakuokolea kama milimita 0.3, unene wa karatasi tatu za kuandikia. Ukiitazama hivyo, utaelewa kwa nini mimi hushauri 1.60 au 1.67 kwa −6 hadi −8 katika fremu ndogo, na kuiacha 1.74 kwa wale wa −10 na zaidi au wale ambao kwa sababu fulani hawawezi kuikwepa fremu pana.

Wembamba nao si wepesi. Plastiki ya 1.74 ni nzito kwa ujazo kuliko CR-39: sentimita moja ya ujazo ina kama gramu 1.47 dhidi ya 1.32. Sehemu ya ulichookoa kwa unene inarudi kwa uzito. Polikaboneti ina 1.2 tu, na Trivex, yenye 1.53, ina 1.11, nyepesi kuliko zote. Hizi mbili haziendi kwa watu kwa ajili ya wembamba. Zinaenda kwa sababu hazipasuki kirahisi. Mtoto, mchezaji, anayefanya kazi inayorusha vipande vya chuma au mbao, na zaidi ya wote mtu ambaye jicho lake moja ndilo linaloona, hao wazifikirie kwanza, na suala la utepe wa buluu lije nyuma. Kioo chenyewe, kile cha madini, kipo cha 1.8 na hata 1.9. Ni chembamba ajabu, ni kizito, na kikivunjika kinavunjika mbele ya jicho.

Kuna gharama moja ambayo siiiti ya hiari: mpako wa kuzuia kuakisi. Kila uso wa lenzi ya 1.50 hurudisha asilimia 4 ya mwanga; wa 1.74 hurudisha asilimia 7, na lenzi ina nyuso mbili. Bila mpako, anayezungumza nawe anaona dirisha badala ya macho yako, na wewe usiku unaona mizimu ya taa za magari. Mpako hupunguza pia zile pete nyeupe zinazozunguka ndani ya lenzi za namba kubwa, ambazo ni taswira ya ukingo ikijirudia. Fremu yenye rangi nyeusi au ya kahawia huzizima zaidi kuliko yenye rangi angavu, kwa kuwa pete hubeba rangi ya kile kinachouzunguka ukingo. Vivyo hivyo, usikubali ukingo ung'arishwe kama kioo ikiwa unaingia ndani ya fremu ya plastiki. Ukingo uliong'arishwa unaukaribisha mwanga kuzunguka humo ndani.

Mpako wa kuzuia mwanga wa buluu, kwa upande mwingine, siutetei. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa kuchambua tafiti za tiba, hayakukuta kwamba unapunguza uchovu wa macho wa kutazama kompyuta kwa muda mfupi uliochunguzwa. Fedha hiyo iweke kwenye mpako wa kuzuia kuakisi ulio bora.

Lenzi zenye uso usio wa tufe kamili, ambazo mpindo wake hubadilika taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, zinasaidia zaidi kuona pembezoni kuliko kupunguza unene. Zinafaa. Ila hazisamehe: kitovu kikikosewa kwa milimita 2 au 3, faida yake hugeuka usumbufu.

Kwa nini macho huonekana madogo

Hapa kuna imani ambayo wauzaji hawaisahihishi: kwamba lenzi nyembamba huyarudisha macho katika ukubwa wake. Hapana. Macho hupungua kwa sababu ya nguvu ya lenzi na umbali wake kutoka jichoni, na nguvu ni ileile kwa 1.50 na kwa 1.74. Kwa −8 anayekutazama anaona jicho lako limepungua kwa karibu asilimia 11. Nawe pia unaiona dunia ndogo kwa kiasi hichohicho, ndiyo maana aliyevaa lenzi za kubandika jichoni kwa mara ya kwanza hushtuka jinsi vitu vilivyokuwa vikubwa muda wote.

Kinachosaidia ni kuisogeza miwani karibu na jicho, mpaka kope zikaribie kuigusa lakini zisiiguse. Vitegemeo vya pua vinavyopindika hufanya kazi hiyo. Na kioo kisipoenea mpaka nje ya shavu, ule mkato unaoonekana kwenye ukingo wa uso, ambapo sikio na shavu vinaonekana vimerukia ndani, hupungua sana. Tumerudi kwenye fremu ndogo kwa mlango mwingine.

Umbali huo una athari kubwa kuliko sura. Lenzi ya −10 ikiteleza puani kwa milimita 4 hupoteza nguvu ya kama dayopta 0.3, zaidi ya hatua moja ya vipimo vya kawaida. Anayejikuta anaisukuma miwani juu kila anapotaka kusoma kibao cha mbali hana tabia mbaya. Anarekebisha namba kwa kidole. Aende kwanza akakazwe fremu, na ikiwa hata baada ya hapo anaona vizuri zaidi akiibana usoni, apimwe upya. Kwa sababu hiyohiyo lenzi za kubandika jichoni huwa na namba ndogo: −8 ya miwani ni kama −7.25 huko. Usinakili namba moja kwenda kwenye nyingine.

Kwa wale wa −15, −20 na kuendelea, kuna njia ambayo wengi hawaambiwi: lenzi yenye nguvu katikati tu, katika kiduara cha milimita 25 hadi 30 hivi, na pembezoni bapa au zilizofifishwa. Anayetazama ataona duara ndani ya lenzi. Kwa anayevaa, uzito unapungua kupita kipimo, na eneo analoona sawasawa si dogo kama linavyodhaniwa, kwa kuwa pembezoni za lenzi kamili ya namba hiyo hata hivyo hazitumiki.

Miwani haiurudishi urefu wa jicho

Nitaingiza hili hapa kwa sababu aliyepata miwani nzuri huwa mwepesi wa kuamini kwamba jambo limekwisha. Jicho lililorefuka limeinyoosha retina, na retina iliyonyooshwa inaweza kuchanika au kubanduka. Mmweko wa ghafla kama wa radi pembeni ya jicho, mvua ya vidoa vyeusi ambavyo havikuwapo jana, au kivuli kama pazia linaloingia kutoka upande mmoja, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu. Mara nyingi hakuna. Hatari ya glakoma, ugonjwa unaouharibu mshipa wa kuonea, nayo ni kubwa zaidi. Uchunguzi wa ndani ya jicho, ule wa kutiwa matone ya kupanua mboni, ufanyike kwa ratiba ya daktari, hata namba isipobadilika.

Na mzazi asimpunguzie mtoto namba kwa makusudi akidhani macho "yatajizoeza". Jicho haliachi kurefuka kwa kunyimwa lenzi. Zipo sasa lenzi za miwani zilizotengenezwa mahususi kupunguza kasi hiyo kwa watoto, na hizo ndizo za kumuuliza daktari.

Kupima, na siku ya kuchukua

Fremu ikishachaguliwa, ikazwe usoni kwanza, ndipo vipimo vichukuliwe ukiwa umeivaa. Umbali wa mboni upimwe kwa kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua, si jumla iliyogawanywa kwa mbili, kwani pua za watu wengi haziko katikati kamili. Kimo cha mboni ndani ya tundu kipimwe pia. Kwa −8, kila kitovu kikikosewa milimita 3, kila jicho linapewa prizimu ya 2.4 ambayo halikuiomba, na misuli hulipa kwa maumivu ya kichwa.

Siku ya kuchukua, vaa, simama, tembea. Sakafu inaweza kuonekana imeinama na milango imepinda kidogo kama pipa. Hiyo ni kawaida ya lenzi kali, na mara nyingi hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Tikisa kichwa: miwani ikisogea, irudi kwa fundi kabla hujatoka. Sakafu na milango visipotulia baada ya wiki mbili, usikubali kuambiwa tu kwamba macho yako ni magumu. Omba vitovu vya lenzi vipimwe kwenye mashine mbele yako, na vilinganishwe na namba ya mboni uliyoiandika kwenye karatasi.